Maswali Mnayoniuliza Kila Siku Kuhusu Tuisheni Yangu ya Baiolojia

Nafundisha baiolojia barazani kwangu, Mwanakwerekwe, Unguja. Wazazi huniuliza mambo yale yale kwenye simu, kwenye daladala, na mara moja kwenye hitima, mtu ana sahani ya pilau mkononi. Nimeyaandika hapa. Mengine ni ya watoto wenyewe na nimeyaacha walivyoyasema.

Ticha, wewe ni mwalimu au mtu wa msitu?

Nimekuwa vyote, kwa zamu. Nimezaliwa Wete, nikasoma Pemba mpaka Kidato cha Nne, nikavuka kuja Unguja kwa Kidato cha Tano na cha Sita. Baada ya hapo nilifanya kazi za uhifadhi karibu miaka sita: kwanza msaidizi wa watafiti kwenye msitu wa Jozani, Unguja, kisha mradi wa mikoko. Ndipo nikasomea ualimu wa sayansi, nikafundisha baiolojia na kemia sekondari kwa miaka tisa. Huu ni mwaka wa nne nafundisha nyumbani. Vyeti vipo. Mume wangu ndiye aliyevitia fremu, si mimi, na mzazi anayetaka kuviona aingie ukumbini avisome.

Wanafunzi wa zamani wananiita Mwalimu Kima. Nimeshazoea.

Huko Jozani ulikuwa ukifanya nini hasa?

Nikiwafuata kima punju tangu alfajiri na kuandika. Kila dakika kumi unaandika nani yuko wapi na anakula nini: jani changa au kuukuu, tunda bichi, ua. Masika unaandika kwa penseli, maana wino unakimbia. Shingo inauma mpaka usiku, lakini ndiko nilikojifunza kukitazama kitu mpaka mwisho wake.

Kima punju ni mnyama wa Unguja. Wachache walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970, na kwengineko duniani humpati. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, lakini kima hawajui mpaka wa ramani. Wengi wanaishi mashambani mwa watu. Hesabu ya kisiwa kizima iliyotoka 2017 ilipata zaidi ya 5,800, wengi kuliko walivyodhaniwa. Kwenye barabara ya kusini inayopita pale Jozani walikuwa wakigongwa na magari mpaka yalipowekwa matuta. Abiria wa Makunduchi wakiyalaani matuta yale, mimi hunyamaza.

Mkono wake hauna dole gumba la maana. Vidole vinne hushika tawi kama kulabu. Tumbo lina vyumba kama la ng'ombe, na ndani yake bakteria wanachachusha majani. Ndiyo maana matunda yaliyoiva, yenye sukari nyingi, yanamsumbua, akachagua mabichi.

Siku moja nilimwona jike na mwanawe wakishuka kwenye tanuri la mkaa lililokwishapoa, pembeni mwa shamba. Akachakura kwa vidole vile vinne, akaokota kipande kama kidole cha mtoto, akakitafuna. Sauti yake ni ile ya mtu anayetafuna bisi. Mtoto akamtia mkono mdomoni, akakitoa kibanzi, akakinusa, akakila. Nilidhani wamechanganyikiwa na njaa. Kumbe majani ya mkungu na ya mwembe, yanayoota kwa wingi mashambani, yana kemikali zinazozuia usagaji wa chakula, na mkaa unazinasa. Hospitali nazo zina mkaa maalumu kwa waliomeza sumu. Kima hawakufundishwa na daktari. Watoto wanatazama mama zao.

Wenye mashamba je, hawakukukasirikia?

Walikasirika, na walikuwa na haki ya kusema. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, ukimaliza kuhesabu kima, njoo uhesabu na nazi zangu." Uko utafiti uliochapishwa 1999 uliokuta kwamba minazi ambayo kima walikula vidaka vyake kwa wingi haikupunguza mavuno, bali ilizidi, kama vile kima wanaipunguzia mzigo. Nilimweleza mzee yule. Akacheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo sijapata njia ya kulisema jambo lile mbele ya mwenye mnazi nikaaminiwa, na darasani nalitumia kama swali: utaupima vipi ukweli wa maneno yangu, na ukweli wa maneno ya mzee?

Kwa nini uliacha uhifadhi?

Kwanza, mkataba uliisha. Kazi nyingi za uhifadhi ni za mradi, na pesa za mradi zikikauka na wewe unaondoka. Lakini sababu ya pili ndiyo inayonikera zaidi.

Mradi ule, jina lake nalihifadhi, ulitaka miche elfu kadhaa ya mikoko ipandwe kabla wageni hawajaja kupiga picha. Tukaipanda kwenye tope la wazi, upande wa bahari, mistari imenyooka kama ya darasa la kwanza. Bibi mmoja wa pale, aliyekuwa akichimba kombe maji yakitoka, alisimama na ndoo yake akatutazama. Akasema, "Hapo mkoko haukai. Hapo pa mlilana." Hakuna aliyemjibu, na mimi nilikuwemo. Kusi ilipovuma tukarudi tukakuta vijiti tu.

Kilichonichoma ni kwamba nilikuwa nalijua jibu. Mpangilio wa miti ya mikoko nimeusoma Kidato cha Sita na nikaufaulu: mlilana mbele unakopigwa na mawimbi, mkoko wenye mizizi ya magongo nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu unaostahimili chumvi nyingi kule nyuma karibu na nchi kavu. Niliuandika kwenye karatasi ya mtihani. Nilipokanyaga tope lenyewe sikuutambua, na aliyeutambua hajawahi kukaa kwenye chumba cha mtihani. Nikaona kazi yangu iko kwa watoto, kabla hawajawa kama mimi siku ile.

Unafundisha kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote mnayoniuliza, kuliko hata la ada.

Mtihani wa Taifa wa baiolojia ni wa Kiingereza. Naeleza kwa Kiswahili, tunaandika kwa Kiingereza. Wako wazazi wanaotaka nisitamke neno la Kiswahili darasani, na wako walimu wenzangu wanaokubaliana nao. Mimi siafiki. Mtoto anayekariri sentensi asiyoielewa ataitapika siku ya mtihani, na swali likigeuzwa kidogo tu ameshapotea.

Chukua mtawanyiko wa chembechembe, kutoka zilikobanana kwenda zilikopungua. Kwa maneno ya kitabu nusu ya darasa wanasinzia. Mimi natia udi kwenye chetezo chumbani, nafunga mlango nusu, na wao wako barazani na saa. Wa karibu anausikia mwanzo, wa mwisho dakika kadhaa baadaye. "Nani aliusukuma?" Hakuna. "Ungefika upesi zaidi kwenye joto au kwenye baridi?" Hapo wanaanza kubishana, na wakibishana wameshaelewa. Kwa osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kufuata kwenye chumvi au sukari nyingi, hatuhangaiki: mtoto gani wa hapa hajaona ng'onda akitiwa chumvi, maji yakamtoka?

Baada ya hapo ndipo linakuja neno la mtihani. Kila mwanafunzi ana daftari la safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, na mahali alipokiona kitu chenyewe. Safu ya tatu haiachwi tupu. Msichana mmoja kwenye usanisinuru aliandika "mwani wa mama, Paje". Nilimpa alama, kisha nikamwekea mtego: je, mwani ni mmea? Mwani mwekundu wanaoulima mama zetu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 unajitengenezea chakula kwa jua kama mmea, lakini hauna mizizi, shina wala majani ya kweli, na kwenye mgawanyo wa falme tano tuliousoma skuli hauwekwi kwenye mimea. Mama yake, ninavyosikia, bado hajakubali.

Halafu yako maneno ya maagizo. Taja, eleza, fafanua, tofautisha: kila moja lina kazi yake, na nimesahihisha karatasi nyingi za watoto waliojua jibu wakakosa alama kwa kutaja walipoambiwa waeleze. Hayo tunayafanyia mazoezi kila wiki, na yanachosha, sitawadanganya.

Huna maabara. Praktikali mnafanyaje?

Kwa kuchangia na jiko. Mimi mwenyewe praktikali ya Kidato cha Nne iliniangusha. Tulitakiwa kupima sukari, nikamimina kimiminika cha Benedict kwenye sampuli, nikakitazama kikikaa buluu, nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba hakuna sukari. Sikukipasha moto. Nilikuwa nimekariri rangi zote, kutoka buluu kwenda kijani, manjano, mpaka rangi ya tofali, lakini sikuwahi kuziona, kwa sababu skuli yetu mwaka ule tulionyeshwa kwa chaki tu.

Kwa hiyo hapa kila mtoto anaziona. Jiko la mkaa, sufuria ya maji yanayochemka, mirija minne. Mmoja una asali, mmoja sukari nyeupe ya chai, mmoja uji wa muhogo, mmoja maji matupu. Wote huapa kwamba sukari ya chai itabadilika rangi. Haibadiliki. Inataka ichemshwe kwanza na asidi ivunjwevunjwe, kisha ukali wa asidi uondolewe, ndipo Benedict aione. Kimya kinachoanguka pale barazani nakipenda kuliko makofi.

Iodini ya kupimia wanga tunanunua duka la dawa. Peroksaidi ya hidrojeni vilevile: ukidondoshea kwenye ini bichi linatoa povu kama sabuni, ukidondoshea kwenye ini lililochemshwa halitoi kitu, maana kimeng'enya kimeshaharibiwa na moto. Kwa osmosisi, mbatata tunazikata vijiti vya urefu mmoja, vingine kwenye maji ya chumvi, vingine kwenye maji ya kawaida, tunavipima baada ya sala ya Magharibi. Soda kali ya kupimia protini naimimina mimi peke yangu, mtoto hagusi chupa. Hadubini ninayo moja, ya mkono wa pili, lenzi yake kubwa ina ufa. Inatosha kuona seli za ngozi ya kitunguu.

Mama mmoja alinipigia akiwa amekasirika kwamba mwanawe amechukua ini la mboga ya kesho. Hilo kosa langu. Siku hizi nanunua mimi.

Mada zipi unaziweza, na zipi zinakushinda?

Ikolojia na uainishaji naweza kufundisha nimelala. Mfumo wa neva sijawahi kuufundisha vizuri; nimepata mwenzangu, tabibu, anakuja mara mbili kwa mwaka kunisaidia.

Uzazi na jenetiki nazipenda kwa sababu ya mbung'o. Zamani mbung'o waliua ng'ombe kisiwani kwetu kwa ugonjwa waliousambaza. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Basi wakafugwa mbung'o Tanga, madume yakapigwa mionzi yasizalishe, yakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja kuanzia 1994, zaidi ya milioni 8. Jike likipandwa na dume lile, limeshapoteza nafasi yake. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Nilipolieleza hili mara ya kwanza kijana mmoja akasema, "Kwa hiyo, Ticha, waliozeshwa waume wasiozaa." Tangu hapo silielezi kwa maneno mengine.

Mwanangu anataka udaktari. Kima na mikoko vitamsaidia nini?

Karatasi itamuuliza mifano, na mfano alioushika hausahau. Kichocho, kwa mfano, bado kipo vijijini Unguja na Pemba: mkojo wa mgonjwa unaingia kijitoni, kimelea kinaingia kwa konokono wa maji matamu, kinatoka, kinatoboa ngozi ya mtoto anayeoga. Nikimwonyesha konokono wenyewe kwenye chupa, mzunguko ule anauchora bila kutazama kitabu. Kuhusu mchepuo: anayetaka udaktari achukue fizikia, kemia na baiolojia, na asiidharau fizikia, ambayo mimi siifundishi.

Unafundisha mageuko? Sisi ni Waislamu.

Nami ni Mwislamu, na mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi baada ya kizazi, nayafundisha yote yaliyomo kwenye muhtasari. Namwambia mwanafunzi mapema: mtihani unakuuliza nadharia inasema nini na inategemea ushahidi gani, haukuulizi imani yako. Mwenye swali la dini ampelekee ustadhi wake, sijifanyi mufti.

Naanzia nyumbani. Bahari kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi, na zama za barafu, maji yalipopungua, kisiwa hiki kilikuwa kimeungana na bara. Pemba iko ng'ambo ya mkondo wenye kina cha mamia ya mita, imejitenga tangu zamani mno. Sasa tazama: Pemba ndogo, lakini ina ndege wanne wasiopatikana popote pengine, njiwa wa kijani, bundi, chozi, na kile kidogo chenye duara jeupe jichoni. Ina na popo wake mkubwa, yule wa Kidike. Utotoni mwangu popo yule aliwindwa akaliwa, mpaka ikahofiwa atatoweka. Watu wa vijiji wakayalinda makazi yake, na hesabu za miaka ya 2000 zikapita 20,000. Nawauliza: kwa nini Pemba na si Unguja? Wakae nalo wiki nzima.

Na kwa mzazi anayedhani dini na uhifadhi haviendi pamoja, aulize wavuvi wa Misali, kisiwa kidogo cha Pemba. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alitaka msala wa kusalia, akaambiwa kisiwa chenyewe ndio msala, kinaelekea kibla. Mafunzo ya kutoharibu matumbawe pale yalipitia misikitini kwa aya, na wavuvi waliyasikiliza kuliko walivyosikiliza vipeperushi vyetu.

Mnawatoa watoto nje?

Mara mbili kwa muhula, kwa ruhusa ya maandishi ya mzazi. Mikoko ya Jozani ina njia ya mbao, kwa hiyo hata mwenye kanzu anapita. Wasichana tunafuatana na mama mmoja wa kujitolea. Kisiwa cha Chumbe tumekwenda mara moja: hifadhi ya bahari tangu 1994, na walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi. Watoto walijifunza kwa mvuvi aliyegeuka mlinzi, nami nikakaa pembeni nikaandika.

Eti chui wa Unguja bado yupo?

Kila mwaka naulizwa. Wazee wanasimulia chui wa kufugwa na wachawi, na baada ya Mapinduzi alisakwa sana. Aliyekaushwa yuko makumbusho. Porini, mimi kwa miaka ile yote sikuona hata unyayo.

Siku, saa na ada?

Jumatatu hadi Alhamisi baada ya Alasiri, Jumamosi asubuhi. Ijumaa sifundishi. Ramadhani tunakutana baada ya Tarawehi, saa moja tu, na praktikali za chakula zinasubiri Mfunguo Mosi. Kikundi hakizidi watoto wanane. Ada inalipwa mwanzo wa mwezi. Ndugu wa nyumba moja, wa pili analipa nusu. Aliyekwama aje tuzungumze, asimfiche mtoto ndani.

Unaahidi daraja gani?

Siahidi. Anayekuja Februari mwaka wa mtihani naweza kumsaidia sana. Anayekuja Septemba nitamfundisha kusoma maswali, na tutamwomba Mungu. Niliwahi kumkubali mtoto wiki tatu kabla ya mtihani kwa sababu mama yake alilia. Alifeli, na mama yake akanilaumu mtaa mzima. Sirudii.

Binti yangu anataka kazi kama uliyoifanya. Aanzie wapi?

Ajifunze kuogelea. Sisemi kwa mzaha. Nimeona vijana wenye shahada wakiogopa kushuka kwenye ngalawa. Asome sayansi mpaka Kidato cha Sita, kisha chuo, na likizo aombe kujitolea kwenye misitu au kwa watu wa bahari. Ajue majina ya miti ya hapa kwa Kiswahili kabla ya Kilatini, kwa sababu atakaowauliza hawana Kilatini. Na awe na kazi ya pili mkononi, kwa ule wakati ambao mkataba utaisha.

Siku ya kwanza mtoto aje na nini?

Daftari mbili, penseli, rula, na jani moja alilolichuma mwenyewe, pamoja na jina la mti na jina la aliyemwambia jina hilo. Lisiwe la mwarobaini. Ninayo ya kutosha.